Mtandao wa Baba Ima

Sipendi watu wanaobonyeza "Kubali" bila kusoma. Nilimwambia Beata hivyo kwenye simu, tena kwa ukali, kwa sababu ilikuwa mara ya nne ananipigia mchana ule na mezani nilikuwa na mashine tatu za watu. Kompyuta yake ilikuwa imemuuliza kama anataka mfumo mpya. Akakubali. Tangu siku hiyo, wiki mbili sasa, waifai ilikuwa inakatika kila jioni. Nikamwambia aizime, aiwashe, asubiri. Akasema ameshafanya hivyo mpaka vidole vimechoka.

Kisha akasema, "Dada Lidia, usaili ni leo saa moja. Ni wa mwisho."

Hapo nikaiweka bisibisi chini. Beata ndiye nesi wa kujitolea aliyemgeuza mama yangu kitandani kwa siku kumi na saba, wakati ndugu zangu wenyewe walikuwa wanachungulia mlangoni na kuondoka. Sasa hospitali moja ya Arabuni ilikuwa inamsaili kwa video. Mara mbili mtandao ulikata katikati ya swali, na walikuwa wamemwandikia kwamba hii ya tatu ikikatika, nafasi atapewa mwingine. Kazi hiyo ndiyo ingemtoa kwenye nyumba ya ukweni kule Matiri. Mumewe, Mwalimu Tobias, alifariki mwezi wa tano mwaka jana kwa homa ya siku mbili, na tangu hapo hakuna aliyemtaka pale. Beata ni mtu wa ziwani, wa Mbaha. Watu wa milimani walisema amekuja na kifo kwenye begi lake la nguo. Binti yake, Imakulata, tunayemwita Ima, alikuwa ameshampeleka kwa bibi yake Mbaha, kwa sababu watoto wa jirani walikatazwa kucheza naye.

Nikafunga kibanda changu pale Mbinga saa tisa, nikapanda basi hadi Kitai, nikachukua bodaboda. Ulikuwa mwezi wa tatu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mibuni na barabara ilikuwa inateleza. Dereva aliniacha chini ya mlima, akasema kule juu hapandi jioni. Nilimuuliza kwa nini. Akageuza pikipiki, nami nikamtukana mgongoni.

Nilipofika, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba ya pili, ng'ambo ya ua. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hasikii vizuri. Alitema mate pembeni, akaendelea kulitazama begi langu.

"Usimjali," Beata alininong'oneza mlangoni. "Ni baba mdogo wa marehemu. Mzee Bernadi. Hapendi mtu aje kwangu."

Kompyuta ilikuwa ya Tobias. Nikaiweka mezani, nikaanza na mambo ya kawaida. Mfumo mpya una tabia ya kukizima kifaa cha waifai ili kutunza betri, nikaukataza. Draiva, programu inayokiendesha kifaa hicho, ilikuwa ya zamani, nikaitoa na kuweka nyingine niliyokuja nayo kwenye flashi. Ruta inayogawa waifai ilikuwa dirishani inapigwa na unyevu, nikaihamishia juu ya kabati. Nikajaribu kupiga simu ya video kwa rafiki yangu wa Songea. Picha safi, sauti safi. Saa kumi na moja ikapita, kumi na moja na nusu ikapita, hakuna kilichokatika. Beata akaniletea chai ya tangawizi na mahindi ya kuchemsha. Nikaanza kumfundisha maisha, kama ninavyofanya nikishashinda.

Saa kumi na mbili na dakika nane.

Ikakata.

Nilisema neno ambalo sitaliandika hapa. Taa za ruta zilikuwa bado zinawaka kijani juu ya kabati. Nikafungua orodha ya mitandao, na hapo nikaona kwamba kompyuta haikuwa imekatika. Ilikuwa imehama. Imeiacha ruta yenyewe, bila kuulizwa, ikajiunga na mtandao mwingine. Vijiti vinne, vyote vimejaa. Mtandao wenyewe hauna intaneti hata chembe, ndiyo maana usaili ulikuwa unakufa.

Jina lake lilikuwa Baba Ima.

Kila kompyuta hutunza orodha ya mitandao iliyowahi kuijua. Huu ulikuwemo. Mfumo wa zamani ulikuwa umeagizwa usijiunge nao mpaka mtu aseme, na mfumo mpya ulipoingia ulifuta agizo hilo. Kwa hiyo tatizo nilikuwa nimelipata, na nilifurahi kwa sekunde tatu nzima.

"Nani hapa ana simu yenye jina hili?" nikauliza.

Beata alikaa sakafuni taratibu, akashika mguu wa meza.

Alinieleza kwa kunong'ona, akiwa anaangalia mlango. Mtandao ule ulikuwa wa simu ya Tobias. Kabla hawajanunua ruta, kila jioni mumewe akitoka shuleni alikuwa anawasha hotspoti akiwa bado njiani, na yeye jikoni akiona kompyuta imeshika mtandao, anajua mume amefika kwenye migomba na anaweka maji ya kuoga. Siku ya mazishi, wanaume walipotoka kumpokea katekista, alibaki peke yake na jeneza. Aliitia simu ile chini ya kiganja cha marehemu. Ilikuwa imewashwa, ina chaji kamili. Hakuna mila ya ziwani wala ya milimani inayosema hivyo. Alifanya tu, kwa sababu hakuwahi kuuona mkono ule bila simu. Mtu mmoja peke yake aliingia na kumkuta, akiwa na nyundo na misumari mkononi. Mzee Bernadi.

"Basi ameiiba," nikasema, na nilijisikia vizuri kulisema. Mzee kaiba simu ya maiti. Mwizi ninamwelewa.

Lakini vijiti vilikuwa vinapungua. Vinne. Vitatu. Viwili. Kimoja. Kisha vikaanza kupanda tena, mpaka vinne. Nikachukua daftari la Ima na kalamu, nikaandika dakika. Simu iliyowekwa kabatini haifanyi hivyo. Aliyekuwa na simu ile alikuwa anatembea, anakwenda, anasimama, anarudi, na kila akirudi alikuwa amekaribia zaidi kidogo kuliko mara ya kwanza.

Ndipo nikasikia.

Fyaa... fyaa... fyaa...

Kimya.

Kisha, pu. Pu. Pu. Pu.

Mimi nimezaliwa kwenye ngoro. Miteremko yetu ni mikali, kwa hiyo Wamatengo tunalima kwa mashimo. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana, halafu unachimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuyafukia majani pande zote nne, na linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Nilikimbilia Mbinga kutengeneza kompyuta kwa sababu ya kulichukia jembe hilo. Lakini mwili haujasahau. Fyeka, laza, tulia, fukia pande nne, teremka hatua. Niliitazama karatasi yangu ya dakika, na niliona kilimo. Beata wa watu, aliyekulia kwenye mihogo na dagaa, alikuwa anaisikia sauti ile miezi yote akidhani ni majirani.

Nilimuuliza shamba la nyuma ni la nani. Akasema la baba mdogo. Nani analima? Analima mwenyewe alfajiri, ndivyo anavyosema. Mzee yule mgongo umepinda, na mkewe alikufa zamani. Kwetu mwanamume hufyeka na kulaza, mwanamke hufukia, na shamba la mteremko mzima huita majirani wote. Hapa hakuna aliyeitwa. Nikafungua dirisha la nyuma nusu. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona mtu. Ikaingia harufu ya majani mabichi na udongo uliopinduliwa sasa hivi. Na chini yake harufu nyingine, kali, ya pumba za mahindi zilizochacha.

Nikafunga dirisha.

Msukule. Mnajua wanavyosema. Mtu anazikwa na watu wanalia, kumbe aliyemtaka ameshamchukua. Anamkata ulimi asiweze kumtaja, anamlisha pumba, anamlimisha. Nimesikia hadithi hizo tangu utoto na nimezicheka miaka yote, na jioni ile nilikuwa naogopa mpaka meno yananiuma. Nikiogopa huwa nakasirika. Nikavuka ua.

"Mzee, toa simu ya marehemu," nikamwambia. Shikamoo sikumpa tena.

Hakushtuka. Pembeni yake, kwenye waya za sola, kulikuwa na chaja mbili. Moja ilikuwa na simu yake ndogo ya tochi. Nyingine ilikuwa ya simu kubwa, na mwisho wake ulikuwa unaning'inia bila kitu.

"Simu ni yake," akasema polepole. "Mimi namchajia tu."

Nikaishika ile chaja tupu.

"Asipokuwa nayo hashiki jembe," akaendelea, kama mtu anayeeleza tabia ya ng'ombe wake. "Nilimwachia. Kosa langu. Alikuwa analima kupanda mlima, mwaka mzima, hana neno. Tangu mashine yenu ianze kumwita, amegeuza mistari. Sasa analima kwenda kwake."

Alinyoosha kidole. Niliyaona mashimo mapya, udongo mweusi bado unang'aa, yanateremka mpaka kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko la Beata. Kutoka migomba hadi mlango hazifiki hatua kumi.

"Wewe si ndiye fundi?" akasema. "Ikate."

Nilitamani kumpiga kwa kiti alichokalia. Mimi na mzee yule tulikuwa tunataka kitu kimoja, na hilo liliniudhi kuliko chaja ile. Nikavuka ua kurudi.

Nilimkuta Beata amevaa sare yake nyeupe, amechana nywele, amekaa mbele ya kompyuta. Saa moja kasoro dakika kumi na moja. Nilimweleza yote niliyoambiwa, kwa sababu sikuona haki ya kumficha. Hakulia. Alinionyesha kioo. Kulikuwa na kisanduku kidogo katikati.

Baba Ima anataka kukutumia sauti. Kubali. Kataa.

Nilisema asiguse. Alikuwa ameshabonyeza.

Sekunde kumi na moja. Kwanza upepo. Kisha pumzi, nzito, ya mtu aliyepanda mlima. Kisha mdomo ukafunguka, ukajaribu kuanza jina, midomo ikagongana vizuri, na baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kulimalizia.

"Be... aaa... aaa..."

Kimya.

Niliiangalia shingo ya Beata. Mshipa ulikuwa unapiga. Saa ya kompyuta ilisema kasoro dakika sita.

"Kata, dada."

Nikamwambia nikikata, hatajua tena nyumba iko wapi. Nikamwambia labda kuna mtu wa kumsaidia, padri, mtu yeyote, tungoje hata siku moja. Nilikuwa nasema ovyo. Yeye alikuwa anaitazama picha ya Ima iliyobandikwa pembeni ya kioo.

"Nina mtoto," akasema. "Mtu ninayemjua nilimzika."

Nikavuta kompyuta. Nikaufungua ule mtandao. Sahau mtandao huu? Kidole changu kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikabonyeza.

Nje, jembe likanyamaza.

Kompyuta ikarudi kwenye ruta kama mashine yoyote yenye adabu. Nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa juu ya gunia la kahawa upande wa pili wa meza, nyuma ya kioo, ili nisionekane. Mimi nilikuwa natazamana na Beata, na nyuma yake nilikuwa nauona mlango, komeo, na koti la mvua kwenye msumari. Hakuna kingine. Nataka hilo lieleweke.

Zikaja sauti tatu, za wanawake wawili na mwanamume mmoja. Wakamuuliza kuhusu vidonda, kuhusu dawa za sukari, kuhusu mgonjwa anayekataa sindano. Beata alijibu kwa Kiingereza chake cha chuo, mikono imetulia. Swali la kwanza, la pili, la tatu. Mtandao haukutetereka. Nilianza kupumua.

Kwenye swali la tano yule mwanamume akasita. Akaomba radhi. Akasema usaili huu ni wa mtu mmoja, na angeomba aliyemo chumbani atoke.

Beata akanitazama. Nikainua mikono kuonyesha kwamba mimi sionekani.

Yule mwanamume akasema anamaanisha aliyesimama nyuma yake.

Pumba zilizochacha. Udongo wa mvua. Harufu ilijaa chumba chote, na nyuma ya Beata palikuwa na mlango tu, komeo, na koti. Kisha nikaona kitambaa cha sare yake, bega la kulia. Kilikuwa kinabonyea. Taratibu. Sehemu nne mbele, moja nyuma, na palipobonyea pakabaki alama ya udongo.

Beata hakugeuka. Machozi mawili yalitoka, moja kila jicho, na sauti haikubadilika. Alisema yule ni mume wake. Akasema anaondoka.

Bega likainuka.

Komeo nililolifunga kwa mkono wangu likasogea lenyewe. Mlango ukafunguka, ukungu ukaingia kidogo, mlango ukarudishwa taratibu, kwa namna anayorudisha mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Yule mwanamume wa Arabuni akashukuru kwa ushirikiano, akaendelea na swali la sita.

Kazi aliipata. Mwezi wa tano aliondoka, Ima akabaki kwa bibi yake na anasoma shule ya pale Mbaha. Kompyuta Beata hakuitaka. Aliiacha kwangu, akasema niiuze au niivunje vipuri. Niliiweka rafuni.

Mwezi wa saba, mchana kweupe, Mzee Bernadi akaingia kibandani kwangu. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, koti linamvaa yeye. Na alinisalimia wa kwanza, mzee wa umri ule, akiwa ameinamisha kichwa. Akaweka simu mezani. Kioo kimepasuka, tundu la chaja limejaa udongo. Niliigusa. Ilikuwa ya moto.

"Nirudishie ule mtandao," akasema.

Akaanza kueleza mwenyewe. Shamba limelala, maharage yameozea kwenye ngoro. Kijana hashiki jembe tena. Kwake hapajui, mashine haimwiti, kwa hiyo anakuja kwenye nyumba nyingine pekee anayoijua, ya mzee. Analala kitandani, upande wa ukutani. Usiku mzee akifumbua macho anakuta ameinamiwa.

"Ananishika mdomo," akanong'ona. "Kila usiku. Anatia vidole ndani, anapima."

Kompyuta ilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Kuurudisha mtandao ule ni kazi ya dakika mbili. Nilimfikiria Tobias aliyekuwa akiteremka mlima shimo baada ya shimo kwenda kwa mkewe. Nilimfikiria pia mzee huyu barazani, na yale mate aliyotema.

"Mashine ikishasahau, mzee, imesahau," nikamwambia. "Hakuna fundi wa hilo."

Ulikuwa uongo, na nilimtazama usoni nikiusema. Alichukua simu yake, akatoka. Nilimwona akipanda bodaboda. Alikaa mbele kabisa, amembana dereva mgongoni, akaacha nafasi nyuma yake. Dereva alisubiri kidogo, kisha tairi la nyuma likashuka, wakaondoka.

Jioni nilikosa raha. Nilisema moyoni, nifanye, si kwa ajili ya mzee, kwa ajili ya Tobias. Niliishusha kompyuta, nikaiwasha, nikafika mpaka pale pa kuandika jina la mtandao. Nikaandika herufi nne. Hapo nikakumbuka kwamba Beata hayupo Matiri, wala nyumba ile haina mtu. Kompyuta iko hapa. Atakayeitwa atakuja hapa, kwenye kibanda changu, na mimi nalala chumba cha nyuma. Nikafuta herufi zote nne. Nilijisikia mtu mbaya sana, na nikaizima.

Juzi dereva mmoja wa bodaboda wa Kitai aliniletea simu abadilishiwe kioo. Tukazungumza. Akaniambia Mzee Bernadi wa Matiri hasemi tena. Watu walimkuta asubuhi amekaa kitandani, mzima, macho wazi, mdomo umefumbwa. Zahanati wameandika ni kiharusi. Dereva mwenyewe ndiye aliyembeba kumpeleka, na alimwona nesi alipomfungua mdomo ili amchunguze. Akaanza kunieleza alichokiona.

Nikamwambia aache simu mezani, nina kazi nyingi, arudi kesho.